Mguu wa Kibarua

Kuanzia mwaka 1978 hadi 1982 nilikuwa mwanafunzi wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Clemson, Carolina Kusini, na huko niliwashuhudia Waigbo wawili wakipiga mpira mbele ya watu zaidi ya elfu sitini. Wa kwanza ni Obed Ariri, mzaliwa wa Owerri. Wa pili ni Donald Igwebuike, wa upande wa Anambra. Wote wawili waliondoka chuoni wakaingia ligi ya kulipwa ya Marekani, na wote wawili niliendelea kuwafuatilia nikiwa huku kwetu Kipsing, kaskazini mwa Kenya, kwa barua, kwa vipande vya magazeti na baadaye kwa simu ya mkononi. Sasa nimestaafu, muda ninao. Naandika kabla kumbukumbu haijaanza kunichezea.

Mchezo wenyewe niueleze kwanza, maana hapa kwetu haujulikani. Mpira umechongoka pande mbili. Wachezaji kumi na mmoja wanasukumana na kumi na mmoja wengine, na muda mwingi mpira hubebwa kwa mikono au hurushwa. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Ikikwama, na milingoti ya goli haiko mbali sana, ndipo huitwa mpigaji. Huyu bwana amekaa kando tangu mchezo uanze, hajaguswa, jezi yake safi. Anaingia. Mwenzake aliye katikati anaurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Mshikaji, aliyepiga goti yadi saba nyuma, anaudaka, anausimamisha kwa ncha moja na kuugeuza ili nyuzi za mshono zisimwelekee mpigaji. Mpigaji anachukua hatua zake mbili na kuupiga kabla majitu hayajamfikia. Tangu mpira urushwe hadi upigwe ni sekunde moja na kitu. Ukipita katikati ya milingoti, juu ya mtambaa wa panya, ni pointi tatu. Usipopita, mpigaji anarudi kukaa, na hakuna anayemkaribia.

Zamani walipiga kwa ncha ya kiatu, wakija moja kwa moja. Wageni ndio waliobadilisha. Mwaka 1964 Pete Gogolak, mkimbizi kutoka Hungaria aliyesoma Cornell, aliingia Buffalo Bills akipiga kwa upande wa juu wa mguu, vile tunavyopiga soka. Mwaka 1967 akaja Jan Stenerud wa Norwei, kijana aliyepelekwa Montana kuruka na skii, akaonwa akipiga mpira, akachukuliwa na Kansas City. Baada ya hapo makocha wa vyuo wakaanza kuchungulia viwanja vya soka. Clemson ilikuwa na kocha wa soka, Dakta I. M. Ibrahim, Mpalestina mzaliwa wa Haifa, msomi wa kemia, aliyeianzisha timu ya soka ya chuo mwaka 1967 na akawa anakusanya vijana kutoka visiwa vya Karibi na kutoka Nijeria. Ariri alikuja kwa mlango huo. Alikuja kucheza mpira anaoujua, akakuta kuna mwingine unaoutaka mguu wake.

Nilifika Agosti 1978. Nilikuwa nimetoka Egerton, Njoro, na stashahada ya malisho, nikafanya kazi kidogo Isiolo, kisha nikapata ufadhili wa kwenda kusoma shahada. Clemson ni mji mdogo kwenye kona ya kaskazini magharibi ya jimbo, vilima vimeuzunguka na ziwa la kutengenezwa liko pembeni. Mwanafunzi wa kwanza mweusi, Harvey Gantt, aliingia pale Januari 1963 kwa amri ya mahakama. Mimi nilifika miaka kumi na mitano baadaye, na wazee waliokuwa wakitusalimia dukani walikuwa walewale wa wakati ule. Hawakuwa wabaya kwangu. Walikuwa waangalifu, basi.

Mwaka huohuo wa 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia za mbio ndani ya siku 81. Kwa hiyo kila aliyesikia natoka Kenya aliniuliza nakimbia mita ngapi. Mimi na mbio wapi na wapi! Nilikuwa mfupi, mnene kidogo, na nilichokimbilia maishani ni mbuzi waliopotea kwenye laga la Kipsing. Nikisema hivyo walicheka, lakini niliona wamevunjika moyo. Mwafrika alitarajiwa kuwa na mguu wa maana.

Jumamosi ya mechi mji ulifungwa. Kila kitu rangi ya machungwa: mashati, kofia, magari, hata mbwa. Uwanja wanauita Bonde la Mauti, na juu ya kilima upande mmoja kuna jiwe lililoletwa kutoka bonde lenye jina hilo kule California. Wachezaji hulipapasa jiwe, halafu hushuka kilima mbio huku mzinga ukilia. Mtu aliyekulia Usamburu hawezi kushangaa jiwe kupapaswa kabla ya vita. Nilichoshangaa ni kelele. Sikujua watu wanaweza kupiga kelele namna ile bila mtu kufa.

Halafu likatangazwa jina la Ariri, na kelele ikashuka. Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mchezo. Sheria zake nilikuwa bado sizielewi, lakini yule niliweza kumwelewa: mtu mmoja, mwembamba kuliko wote, anapima hatua zake nyuma, kisha pembeni. Anatazama milingoti mara moja tu. Anainamisha kichwa. Mguu mmoja unakanyaga kando ya mpira, nyonga inazunguka, na sauti ya teke inawafikia mliokaa mbali baada ya mpira kuwa tayari hewani. Kichwa bado kimeinama. Wapigaji wabaya huinua kichwa waone walichofanya. Ariri alibaki ameangalia nyasi mpaka umati umwambie.

Tarehe 29 Desemba 1978 Clemson ilicheza na Ohio State huko Jacksonville, Florida. Tuliitazama kwenye televisheni bwenini, wale tuliokosa pa kwenda wakati wa likizo. Mechi ile inakumbukwa kwa jambo moja: kocha mzee wa Ohio State, Woody Hayes, alimpiga ngumi mchezaji wa Clemson, Charlie Bauman, aliyekuwa ameudaka mpira mwishoni, na kesho yake akafukuzwa kazi. Miaka yote hii Mmarekani akinisikia nataja Clemson ya 1978 ananitajia ngumi. Mimi namtajia teke. Mapumziko yakikaribia, Ohio State wakiongoza 9 kwa 7, Ariri aliupiga kutoka yadi 47 ukapita, ikawa 10 kwa 9. Mechi iliisha 17 kwa 15. Toa zile tatu uone nani angeshinda. Lakini ngumi ina picha nzuri zaidi.

Nilichojifunza upesi ni kwamba kazi ya mpigaji hupanda timu inaposhuka. Timu inayofunga kila mara haimhitaji ila kwa pointi moja ya ziada. Timu inayokwama inamwita kila dakika. Mwaka 1980 Clemson ilikuwa ya wastani, ilishinda sita ikapoteza tano, na mwaka huohuo Ariri alipata mapigo 23 ya pointi tatu, akawaongoza wapigaji wote wa vyuo nchini. Tulipokwenda Georgia tulipoteza 20 kwa 16. Georgia ndiyo iliyokuja kuwa bingwa wa taifa mwaka ule. Katika zile pointi zetu 16, tisa zilitoka kwenye mapigo ya pointi tatu ya Ariri. Alipomaliza chuo alikuwa na mapigo 63 katika miaka minne, rekodi ya vyuo vya Marekani vyote. Mtu ambaye hadi anaondoka Owerri mchezo ule haukuwa wake.

Basi ungedhani njia ya ligi ya kulipwa imefagiliwa. Hapa lazima nieleze mambo mawili ambayo watazamaji wengi hawakuyajua hata kule.

Kwanza ni kibao. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa shamba wa huko huko Carolina, alikuwa na kibao cha mpigaji: kipande cha mpira mgumu, kina kimo cha inchi mbili, chini kina vijimeno vya kushika nyasi. Tulikwenda nacho uwanja wa mazoezi jioni moja. Ukiuweka mpira juu ya kibao, mguu unaingia chini yake bila shida na mpira unapaa wenyewe. Hata mimi niliupandisha. Kisha tukakitoa, tukausimamisha mpira juu ya nyasi. Teke langu lilichimba udongo kwanza, mpira ukajiviringisha pembeni kwa aibu. Vyuo viliruhusu kibao hadi mwisho wa miaka ya themanini. Ligi ya kulipwa ilikataza: unapiga kutoka ardhini. Mtu aliyefundisha mguu wake urefu fulani kwa miaka minne anaambiwa aushushe inchi mbili, na bado asichelewe hata robo ya sekunde.

Pili ni milingoti. Wakati ule, ya vyuo ilikuwa na upana wa futi 23 na inchi 4. Ya ligi ya kulipwa ilikuwa futi 18 na nusu. Pigo linalosifiwa Jumamosi chuoni, Jumapili kwenye ligi ni kosa.

Na juu ya hayo kuna hesabu ya kazi. Ligi ilikuwa na timu 28, na kila timu huweka mpigaji mmoja. Kazi 28 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni mia mbili. Timu nyingine zilikuwa na mpigaji aliyekaa miaka kumi na haonyeshi dalili ya kuumwa. Mwaka 1981 Baltimore Colts walimteua Ariri katika raundi ya saba. Hakucheza kwao mechi hata moja ya msimu.

Nafasi yake chuoni ilikwisha kuchukuliwa. Nilimwona Igwebuike vizuri mwaka huo wa 1981, na sisemi uongo, mwanzoni nilimtazama kwa kijicho, kana kwamba amekaa kwenye kiti cha ndugu yangu. Tarehe 19 Septemba Georgia walikuja kwetu na Herschel Walker, mbebaji mpira aliyekuwa akiwakanyaga watu kama nyasi. Clemson ilishinda 13 kwa 3. Igwebuike alipiga mara mbili zikapita. Katika miaka mitatu ya Walker pale Georgia, hiyo ndiyo mechi pekee ya msimu wa kawaida waliyopoteza. Usiku ule mabwenini hapakulalika.

Timu haikupoteza tena. Tarehe 1 Januari 1982, Miami, wakakutana na Nebraska kuwania ubingwa wa taifa. Clemson 22, Nebraska 15. Igwebuike alipiga tatu, pointi tisa, na tofauti ya mechi ilikuwa saba. Kocha Danny Ford alikuwa na miaka 33 tu na walimbeba juu juu. Magazeti yaliandika kuhusu ulinzi, kuhusu Perry Tuttle aliyedaka mpira wa goli, kuhusu Ford. Ukurasa wa ndani nikakuta mstari mmoja juu ya mpigaji, na jina limekosewa. Niliukata mstari ule nikauweka ndani ya daftari la lishe ya ng'ombe.

Nilirudi nyumbani katikati ya mwaka huo, wiki chache kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi. Nilipangiwa Isiolo, na kila nilipopata ruhusa nilikuja Kipsing. Nilipojaribu kuwaeleza watu nilichokiona, baba yangu mdogo alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye fimbo, akauliza:

“Mwanangu, huyo mtu habebi mpira?”

“Habebi, baba.”

“Hapigani?”

“Hapigani. Anangoja aitwe, anapiga, anarudi.”

“Na akikosa?”

“Wanatafuta mwingine.”

Akatikisa kichwa. “Huyo ni kibarua wenu wa chanjo.”

Alikuwa na haki. Idara ilipokuja kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka, tuliajiri vijana wa kushika ng'ombe kwenye uchochoro wa miti. Siku ya kazi wao ndio kila kitu, bila wao sindano haingii. Ng'ombe wakiisha wanaambiwa kwaherini. Hakuna aliyewahi kumwandika mshika ng'ombe kwa kudumu, hata akiwa hodari namna gani. Katika kusoma kwangu kote sijapata maelezo bora ya kazi ya Obed Ariri.

Mwaka 1984 ulikuwa wa njaa huku. Mvua ilikataa, ng'ombe walikufa kutoka Oldonyiro hadi Merti, na mimi nilikuwa nikizunguka na gari la idara nikihesabu mizoga, kazi ambayo simwombei mtu. Katikati ya hayo, kwenye sanduku la posta la Isiolo, nikapata bahasha kutoka kwa Mnijeria tuliyesoma naye. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti: Ariri amepata kazi Tampa Bay Buccaneers. Msimu huo alijaribu mara 26 akapata 19. Ukiongeza zile pointi moja moja za ziada, alikusanya pointi 95, rekodi ya klabu. Timu yenyewe ilikuwa dhaifu, ilishinda sita tu. Nimeshasema timu ya namna hiyo humpa mpigaji kazi. Nililisoma gazeti lile mara nyingi kuliko barua yenyewe, nikambeba Ariri moyoni kama habari njema pekee ya mwaka ule.

Katika bahasha hiyohiyo palikuwa na habari ya Igwebuike, aliyekuwa anamaliza chuo. Septemba 22, 1984, huko Georgia, zikiwa zimebaki kama dakika mbili, aliupiga kutoka yadi 48 akasawazisha 23 kwa 23. Katika mechi nyingi, hiyo ingetosha. Lakini Georgia walikuwa na Kevin Butler, na sekunde 11 kabla ya mwisho Butler aliupiga kutoka yadi 60, ukapita. Kule Georgia bado wanasimuliana. Pigo la Igwebuike limebaki kuwa utangulizi wa hadithi ya mwingine.

Mwaka 1985 kocha mpya, Leeman Bennett, alikuja Tampa. Klabu ikateua mpigaji katika raundi ya kumi. Ni nani? Igwebuike. Mtu wa chuo kilekile, wa taifa lilelile, wa lugha ileile, akaletwa kushindania nafasi ileile moja. Igwebuike akaipata, na Ariri, mwenye rekodi ya klabu iliyowekwa miezi michache iliyopita, akaachwa. Jirani yangu mmoja, nilipomweleza, alidhani lazima walikosana. Sina ushahidi wa hilo na sitaki kuwazulia. Igwebuike hakuiba kitu. Alipewa mlango mmoja kama Ariri alivyopewa, na mlango ulikuwa na mtu ndani. Lakini nasema wazi: klabu inayomwondoa mpigaji aliyetoka kuivunjia rekodi haijui inachotafuta. Tampa ya 1985 ilishinda mechi mbili tu kati ya 16.

Ariri alionekana tena mwaka 1987, na safari hii kwa namna ambayo bado watu wanabishania. Septemba ile wachezaji wa ligi waligoma. Wenye klabu wakakusanya wachezaji wa badala, watu waliokuwa wameachwa hapa na pale, na mechi za wiki tatu zikachezwa nao. Ariri akavaa jezi ya Washington. Timu ile ya badala ilishinda zote tatu. Ya mwisho ilikuwa Jumatatu usiku, tarehe 19 Oktoba, huko Dallas, ambapo wenyeji walikuwa na mastaa wao kadhaa waliouvunja mgomo, na Washington hawakuwa na hata mmoja. Washington 13, Dallas 7. Mapigo mawili ya Ariri yalipita, pointi sita. Toa sita kwenye 13.

Kuna wanaowaita watu wale wasaliti wa mgomo. Mimi nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi na sipendi kuvunja mgomo. Ila siwezi kumlaumu mtu ambaye chama cha wachezaji hakikuwa naye alipoachwa mwaka 1985. Mgomo ulipokwisha, wenyewe walirudi, na Januari 1988 Washington wakachukua ubingwa kwa kuwapiga Denver 42 kwa 10. Zile mechi tatu zilihesabiwa kwenye msimamo uliowafikisha huko. Wale wa badala hawakupewa pete. Ni mwaka 2018 klabu ilipokuja kuwatambua kwa pete za ubingwa, baada ya miaka thelathini, baadhi yao wakiwa tayari babu.

Ya Igwebuike ni machungu zaidi. Alidumu Tampa misimu mitano, 1985 hadi 1989, kisha mwaka 1990 akahamia Minnesota Vikings. Novemba ya mwaka huo akashtakiwa Florida kwamba alihusika katika njama ya kuingiza heroini nchini. Hapa sihitaji kueleza jinsi jina la Mnijeria na neno hilo lilivyounganishwa haraka vinywani mwa watu, Marekani na hata kwetu. Mwaka 1991 baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Hana hatia, kwisha. Alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao wapigaji wengi huwa wanaanza kukomaa. Stenerud alicheza hadi kupita arobaini. Hakuna hata timu moja kati ya zile 28 iliyompa tena mechi.

Alikuja kupiga katika ligi ya Kanada, ilipofungua matawi Marekani. Mwaka 1994 alikuwa na Baltimore, wakafika fainali dhidi ya timu ya Vancouver. Fainali ile iliamuliwa na mpigaji, kwa pigo la mwisho kabisa: Lui Passaglia wa Vancouver, 26 kwa 23. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga gazeti.

Tangu hapo nimeona mengine. Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya wa raga, aliingia Indianapolis Colts bila kuwa amecheza mchezo ule chuoni, na alichopewa kufanya ni kukimbia kwenye zile zamu za mateke, kumwahi mwenye mpira. Nilifurahi, ingawa sikuwa na mtu wa kufurahi naye hapa. Vijana wa Kipsing wanajua ligi ya Uingereza kuliko ninavyojua majina ya wajukuu wangu.

Lakini mwaka juzi kijana mmoja wa hapa, mkimbiaji, alipata barua ya chuo cha Marekani, akaja kuniuliza habari za huko. Nilimpa niliyoyajua: baridi, chakula, namna ya kuandika kazi za darasani, na kwamba ufadhili wa mguu huweza kusomwa upya kila mwaka, kwa hiyo aukague mkataba kabla ya kutia sahihi, kisha aseme ukweli kwa kocha akiumia. Nikamwonyesha vile vipande vya gazeti. Alivisoma vyote, kijana makini, kisha akaniuliza kati ya wawili wale nani alikuwa bora.

Nilimwambia hivi. Igwebuike alikuwa na ubingwa wa vyuo, alidumu zaidi katika ligi, na alipiga akiwa na uzito mkubwa mgongoni. Kwa kitabu cha hesabu, ni yeye. Ila ikiwa imebaki nafasi moja, upepo unatoka pembeni, umati umesimama, na mpira uko yadi 47, mimi namwita Ariri.